Miaka Kumi na Minne ya Tata

Chuo Kikuu, Nairobi
16 Januari 1972

Mpendwa Tata,

Nimefika salama. Ndizi alizonifungia Mama ziliiva zote kwa siku moja, kwa hiyo bweni zima limekula, na sasa wasichana nisiowajua wananisalimu kwa jina. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Lamu, alinisikia nikimwombea Mama nikimwita "Baba" kama tunavyosema kwetu, akaniuliza nina baba wangapi. Nilipomweleza kwamba kwa Kigusii baba ni mama, na tata ndiye baba, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Huyu ndiye anayenisahihishia Kiswahili, na hana huruma. Nakuandikia kwa lugha hiyo kama ulivyoagiza, kwa kuwa ndiyo uliyofundishwa kuandika kule mashamba ya chai ya Kericho, na Kigusii wasema ni cha kusemwa.

Muhula huu nimeingia somo jipya. Jina lake ni refu. Kwa ufupi ni hesabu za fedha na bima. Tuko watu ishirini na sita na msichana ni mimi peke yangu. Mwalimu ni mzee Mskoti anayeandika ubaoni kwa mkono wa kulia na kufuta kwa wa kushoto, hivyo asiyenakili upesi amekwisha. Mpaka sasa tumesoma riba, na riba juu ya riba. Wiki ijayo tunaanza sehemu ya pili, inayohusu uhai wa watu. Humo kuna kitu ambacho nikikitafsiri ni tumaini la uzima. Kila mtu analo lake kulingana na umri wake, nasi tutafundishwa kulikokotoa.

Msalimie Mama. Mwambie dada Nyamoita kwamba sweta yake ya kijani ninayo mimi, asiisumbue dunia kuitafuta.

Mwanao,
Abigael Nyanchera


Ekerenyo
6 Februari 1972

Kwa Abigael binti yangu,

Amani iwe kwako. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika, mara ya pili nikafurahi. Nilikasirika kwa ajili ya riba. Mimi mzee wa kanisa, binti yangu anafundishwa kula riba, tena na Mskoti! Nilikuwa nimeshachukua kalamu nikuandikie uache. Mama yako akasema, "Soma kwanza mpaka mwisho." Ndipo nikafika kwenye tumaini la uzima.

Sikujua kwamba Chuo Kikuu wanamjua Mungu. Waliotutangulia katika imani walikaa na penseli wakikokotoa unabii wa kurudi kwa Yesu, siku moja kwa mwaka mmoja. Walikosea, wakarudia. Hesabu hizo nimezifundisha kwenye makambi ya kanisa tangu hujazaliwa, tena mbele ya watu wanaosinzia. Kumbe leo zinafundishwa Nairobi kwa watu ishirini na sita! Sabato iliyopita nilisimama nikawaambia ndugu kwamba binti yangu anasomea hesabu ya tumaini la uzima. Mzee Obadiah, ambaye hajanisifu tangu tulipogombania mpaka wa shamba la chai, alisema amina kwa sauti ambayo hata walio nje waliisikia.

Sasa nikokotolee langu. Umri wangu unaujua, sitini na mmoja, ingawa karani aliniandikia hamsini na minane kwenye kipande cha utambulisho. Usimwambie mwalimu ni la nani.

Sisi tu wazima. Mimi siendi shambani sana siku hizi kwa sababu ya baridi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama hao wanaume ishirini na watano wana adabu.

Baba yako,
Manasseh Okemwa


Chuo Kikuu, Nairobi
27 Februari 1972

Mpendwa Tata,

Mwambie Mama wana adabu ya kutosha. Wananiachia kiti cha mbele, ambacho hakuna anayekitaka.

Mwalimu ametupa jedwali. Linaanza na watu laki moja waliozaliwa pamoja. Kila mstari ni mwaka mmoja, na kila mwaka wanapungua. Mwanzoni ni kidogo, halafu ukifika nusu ya pili ni kama mahindi yanapovunwa. Ukurasa wa mwisho wamebaki wachache, kisha mmoja, kisha hakuna. Wenzangu waliliona ni tarakimu. Mimi nilishuka na safu hiyo kidole kwa kidole mpaka chakula cha mchana kikanipita.

Nimetafuta lako. Mtu wa miaka sitini na mmoja ana miaka kumi na minne. Kuna na desimali, nimekuondolea.

Kuhusu tangazo la kanisani, Tata, msinisifu sana. Wanafunzi wengine wanaelewa somo hili kuliko mimi. Jaribio la kwanza limesahihishwa. Habari zake nitakupa nikija.

Mwanao,
Abigael


Ekerenyo
19 Machi 1972

Kwa Abigael,

Miaka kumi na minne! Nimehesabu: ni mwaka wa 1986. Nimewaambia wote. Jirani Makori alikuja na mkewe wakitaka na yao, nikawaambia binti yangu si mashine ya kusaga. Lakini nimeahidi kwamba makambi ya Agosti utasimama mbele ya mkutano utufundishe, saa ya asubuhi ambapo watu bado wana nguvu. Jina lako limeshaandikwa kwenye ratiba, kati ya mchungaji na kwaya.

Jaribio usilihofu. Unasema wengine wanaelewa zaidi. Huo ni unyenyekevu, nao nimeusifia pia.

Kuna jambo dogo lililokuwa likinikosesha usingizi tangu Krismasi. Lilikuwa jambo la kuamua. Barua yako ilipokuja niliona halina haja tena, nikaliacha. Kwa hilo nakushukuru kuliko unavyojua.

Baba yako,
Manasseh Okemwa


Ekerenyo
23 Aprili 1972

Abi mpendwa,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu mkaguzi wa shule anakuja mwezi ujao na mwalimu mkuu ameamua kwamba mimi ndiye nitakayefundisha Kiswahili mbele yake. Kwa hiyo wewe ni zoezi langu. Lakini nitakayokueleza si zoezi.

Tata ni mgonjwa tangu Krismasi. Mahali penyewe sipataji. Unajua haya zetu za chinsoni zilivyo. Binti hataji cha baba yake cha chini ya mshipi, hata kwa dada yake. Mimi mwenyewe Mama hakuniambia. Niliambiwa na Nyaboke, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, ambaye kwetu ni nyanya na nyanya hana haya na wajukuu. Alinieleza yote, akanichorea na kwa fimbo mchangani. Ni ngiri. Daktari wa hospitali ya misheni alimwona Januari akasema apasuliwe, ni kazi ndogo. Lakini isipofanywa, siku yoyote inaweza kujisokota ndani, na ikijisokota hana siku mbili.

Alikuwa amekubali, Abi. Siku ilikuwa imepangwa. Kisha ikaja barua yako ya miaka kumi na minne. Alikwenda hospitalini kwa miguu yake kumwambia daktari kwamba Chuo Kikuu kimempa mpaka 1986, basi kisu cha nini? Daktari akaniita kuniuliza ni chuo gani hicho.

Sasa anajifunga shuka kiunoni kwa nguvu na kutembea akishika ukuta, akidhani hatuoni. Wiki jana alilala kati ya mistari ya chai muda mrefu, wachumaji wakajifanya hawamwoni kwa heshima. Mama alijaribu kusema naye. Alimjibu, "Wewe unabishana na hesabu?"

Ulimwambia nini? Chochote ulichomtia, wewe ndiye wa kukitoa. Lakini ugonjwa usiutaje kamwe. Akijua kwamba unajua, hatakutazama usoni tena, na hospitalini ndiyo hatarudi.

Dada yako,
Nyamoita


Chuo Kikuu, Nairobi
28 Aprili 1972

Nyamoita,

Kosa ni langu, na nilijua ni kosa tangu Februari.

Neno lenyewe nililichagua mimi. Kwa Kiingereza neno lao ni la kutazamia tu, kama unavyotazamia mvua mwezi wa nne. Mimi nikaandika tumaini kwa sababu lilipendeza. Nilipopata barua kwamba Tata amesimama kanisani nalo, ningeweza kumwandikia siku ileile. Lakini siku ileile nilikuwa nimerudishiwa jaribio langu. Nilipata thelathini na moja kwa mia, wa mwisho darasani, na mwalimu aliitaja alama bila jina huku wote wakigeuka kunitazama. Nikaenda chooni nikajifungia, nikaisoma barua ya Tata na ile amina ya Obadiah. Nilitaka kuwa yule binti anayemzungumzia, hata kwa muhula mmoja.

Sikudhani kuna mtu angeweza kuufia uongo wangu. Sikulala. Nitamwandikia hesabu tupu, neno la ugonjwa halitakuwamo. Mwambie Mama ahakikishe anaisoma polepole.

Abi


Chuo Kikuu, Nairobi
30 Aprili 1972

Mpendwa Tata,

Barua hii ni ya hesabu peke yake. Nakuomba uketi uisome mpaka mwisho, kwa sababu nilikupa jibu nisilolielewa vizuri.

Chukua egesangio yenu ya kulimiana. Mko watu arobaini, nawe ndiwe unayepanga ni zamu ya shamba la nani. Mkienda kwa Makori, unamwambia mkewe apike chakula cha watu thelathini na saba. Nilikuuliza zamani kwa nini, ukaniambia kila mara watatu hawafiki. Mmoja ana homa, mmoja ameitwa na chifu, mmoja ana visingizio. Sijakuona ukikosea kwa zaidi ya mtu mmoja. Lakini jioni ile, mke wa Makori akikuuliza, "Je, Obadiah atafika kesho?" utamjibu nini? Hujui. Hesabu yako inaijua sufuria, Obadiah haimjui.

Jedwali letu ndivyo lilivyo. Linamwambia mwenye kampuni ya bima apike kwa watu wangapi. Ukikusanya maelfu ya wanaume wa miaka sitini na mmoja, wako wasiomaliza mwaka, wako wanaofika tisini. Ukichanganya miaka yao yote na kuigawa sawa, kila mmoja anapata kumi na minne. Mimi niliita tumaini, nawe ukasikia ahadi. Hakuna aliyeahidi, Tata. Jedwali halikujui.

La pili ni aibu tupu. Juzi nilimuuliza mwalimu wale watu laki moja walitoka wapi. Alishangaa, akasema hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. Ni Waingereza. Ni wanaume wa Uingereza waliokata bima. Mgusii hayumo hata mmoja. Tena kabla ya kuingizwa walipimwa na daktari, wakaonekana wazima.

Nikamuuliza na hili: je, mtu ambaye daktari amempima akamwagiza jambo, naye hakulifanya? Akasema huyo hatumii jedwali hili kabisa. Anaondolewa. Ana jedwali lake, fupi sana. Akilifanya lile aliloagizwa, wanamrudisha pamoja na wengine. Nakueleza hili kwa sababu linaweza kuja kwenye mtihani.

Tafadhali ondoa jina langu kwenye ratiba ya makambi. Hizi si hesabu za unabii, ni za kampuni. Nilikuacha uamini kwa kuwa jaribio lile nilipata thelathini na moja kwa mia, na wewe ndiwe mtu pekee aliyekuwa akinisifu. Nisamehe, Tata. Nakupenda, na sijui kuyaandika haya vizuri zaidi.

Mwanao,
Abigael


Ekerenyo
14 Mei 1972

Abigael,

Nimepokea. Sikujibu upesi kwa kuwa nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asishike kalamu.

Umenivalisha miaka ya Mwingereza kama koti la mtumba, nami nikaingia nalo kanisani. Sabato iliyopita ilinibidi nisimame tena niseme kwamba nilikosea. Nilitazamia watu wacheke. Hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Obadiah alinishika mkono mlangoni, akaushika muda mrefu.

Hesabu ya egesangio ni ya kweli. Nilimsomea mama yako, akainuka akaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshakorogwa.

Kuhusu yule mtu anayeondolewa kwenye jedwali, nimeelewa kwamba anaweza kuja kwenye mtihani. Mwambie mwalimu wako kwamba mtu huyo amepewa siku. Ni Jumatano, tarehe saba Juni.

Usije nyumbani. Nyamoita ameniambia karatasi yako ya mtihani ni siku hiyohiyo. Wewe una kazi yako na mtu yule ana yake. Thelathini na moja si neno. Nilipofika Kericho niliandika jina langu kinyume na msimamizi akaliweka ukutani ili wachekelee.

Baba yako,
Manasseh Okemwa


Chuo Kikuu, Nairobi
7 Juni 1972

Mpendwa Tata,

Ni jioni. Karatasi ilikuwa saa tatu asubuhi. Najua nanyi kule saa tatu mlikuwa na kazi.

Swali la kwanza lilikuwa la riba, la pili la riba. La tatu lilisema: mtu ana miaka sitini na mmoja, tafuta uwezekano kwamba atakufa kabla ya mwaka kwisha. Nililisoma nikacheka, msimamizi akanitazama, kisha nikawa silioni swali kwa machozi. Wanaume ishirini na watano walikuwa wakiandika. Nilitaka kusimama niwaambie kwamba mtu huyo yuko kitandani sasa hivi, jina lake ni Manasseh, na anapenda mayai yaliyokaangwa mpaka yakauke.

Nililijibu. Jibu ni dogo, karibu watu wawili kwa kila mia. Najua nimepata, na sijawahi kuchukia jibu sahihi namna hii. Wawili hao nao wana watu wao. Nilikaa nao mpaka muda ukakaribia kwisha, nikayafanya ya nne na ya tano mbiombio.

Barua hii naipeleka posta bila kujua atakayenijibu ni nani. Naogopa, Tata.

Mwanao,
Abigael


Ekerenyo
25 Juni 1972

Kwa Abigael binti yangu,

Anayekujibu ni mimi. Jambo lile limekwisha. Nimerudi nyumbani Ijumaa, natembea kama bibi harusi, hatua moja na kusimama. Muuguzi wetu, mama mmoja Mjaluo, alikuwa akinifokea kila asubuhi, "Mzee, wewe hapana inua hata kikombe!" nami niliyeongoza watu arobaini wenye majembe nikawa namtii kama mtoto.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mama yako wala mchungaji. Ile miaka kumi na minne sikuiamini kama unavyofikiri. Mtu aliyefundisha hesabu za unabii miaka yote hii anajua tarehe inavyoweza kufika na kupita watu wakitazama juu. Abigael, nilikiogopa kisu. Mimi ninayewazika wenzangu nikiwaambia wafiwa wasiogope, niliogopa kuliko wao. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kujificha, na barua yako ilinifungulia mlango. Kwa hiyo acha kujilaumu. Ulikosea neno, lakini aliyekimbilia ndani ni mimi.

Sasa nina swali. Kwenye kitanda cha kando yangu alilazwa kijana wa Tabaka, jina lake Onsongo, mchongaji wa yale mawe laini yaitwayo ya sabuni. Umri wake miaka thelathini na minne. Vumbi jeupe lilikuwa limekaa kwenye kucha zake hata sabuni ya hospitali haikulitoa. Alikuwa na uvimbe tumboni, naye alikuwa akingoja siku yake. Nilimwona anavyoutazama mlango, nikajua ni mwenzangu. Ili nimchangamshe nikamsimulia habari zetu zote: tumaini la uzima, amina ya Obadiah, na jinsi nilivyopewa miaka ya Waingereza. Alicheka akishika tumbo, akaniomba niache, kisha akaniomba nirudie.

Siku yake ilipofika walikuja na machela asubuhi. Walipokuwa wakimfunika alinishika mkono akasema, "Tata, nipe na mimi yangu." Nikamwambia, "Nimekueleza ile ni ya Waingereza, haitujui." Akasema, "Najua. Nipe tu." Sikuwa na jedwali. Nikamtazama nikasema, "Thelathini na sita." Alirudia, "Thelathini na sita," akaanza kuhesabu kwa sauti mtoto wake wa mwisho atakuwa na umri gani, na kwamba huyo naye atakuwa na watoto. Wakamsukuma bado akihesabu. Hakurudi. Daktari alitoka mwenyewe, akasema moyo wake ulisimama, walijaribu wakashindwa. Alikaa kwenye kitanda kitupu cha Onsongo na kuinamisha kichwa.

Mkewe alikuja na kaka zake. Aliniuliza mumewe alisema nini mwisho. Nikamwambia alikuwa akizungumza juu ya mtoto mdogo, akicheka. Nambari sikuitaja.

Ulinionya kwa barua nzima, nami nikafanya lilelile. Nilimpa mtu miaka asiyokuwa nayo, akaenda nayo. Ningemuuliza mchungaji, lakini yeye atanijibu upesi mno. Nakuuliza wewe kwa kuwa ndiwe uliyeisomea: nilimdanganya?

Baba yako,
Manasseh Okemwa


Chuo Kikuu, Nairobi
2 Julai 1972

Mpendwa Tata,

Nilipoona mwandiko wako juu ya bahasha nilikaa kwenye ngazi za bweni nikashindwa kuifungua. Binti wa Lamu alinifungulia. Tulilia wote wawili, na yeye hata hakujui.

Nilikwenda maktaba nikalitazama jedwali kwenye umri wa miaka thelathini na minne. Limeandika thelathini na saba na kitu. Ulimpunja mwaka mmoja.

Swali lako nimekaa nalo siku tatu. Ningeulizwa kwenye mtihani ningeandika kwamba hukupaswa, na ningepewa alama zote. Lakini mimi nilikupa nambari bila kukueleza ilikotoka. Wewe ulimweleza kwanza, ukamweleza tena akiwa kwenye machela, naye akasema anajua. Hakukuuliza ataishi miaka mingapi, Tata. Alikuwa anaogopa, akamwomba mtu aliyeogopa kabla yake ampe kitu cha kushika njiani. Hukumdanganya.

Nimempenda Onsongo bila kumwona. Nimemwombea mkewe kwa Kigusii.

Naja Alhamisi. Kuhusu jambo lile sitakuuliza chochote, nitakusalimu kana kwamba ulikuwa na mafua. Lakini nikipatwa na siku kama ile, nimelala mimi na wewe umeketi kando, nikakuomba yangu, usianze kunieleza habari za Waingereza. Nipe.

Mwanao,
Abigael